Bomba la Moshi Jikoni: Kulifunga na Kulitunza

Kwa nini bomba?
Makete, Njombe na Lushoto, baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu jikoni, madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wa kuni huchangia nimonia kwa watoto wadogo, na kwa watu wazima magonjwa sugu ya mapafu, ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo zaidi ya milioni 3 duniani.

Hewa ya moto hupanda, nayo huuvuta moshi. Bomba likiwa fupi, jembamba au lenye kona nyingi, moshi hurudi ndani.

Kabla ya kumwita fundi
- Upana wa bomba ulingane na tundu la jiko, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15. Usiupunguze njiani.
- Usitumie plastiki. Karibu na moto usiweke bati la zinki, kwa kuwa likipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Sehemu hiyo iwe ya chuma cheusi au tofali za kuchoma.
- Paa la nyasi au makuti lisipitishwe bomba. Ezeka jiko kwa bati kwanza.

Hatua za kufunga
1. Shusha timazi kutoka kwenye bati hadi kwenye tundu la jiko, uone kama bomba litapanda wima bila kugusa kenchi wala papi.
2. Acha sentimita 45 kati ya bomba na mbao yoyote. Mbao inayopashwa joto kila siku huweza kushika moto hata bila kuguswa na cheche.
3. Ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini, ili utomvu mweusi wa moshi uchuruzike ndani, usitoke nje ya bomba. Kaza kila kiungo kwa skrubu.
4. Kona ikilazimu, iwe ya mlazo.
5. Bomba lizidi bati kwa mita 1. Mgongo wa paa ukiwa ndani ya mita 3, bomba liupite kwa sentimita 60.
6. Ziba tundu la paa kwa bati la kuzuia mvua, kisha weka kofia yenye nafasi ya kutosha ya kupitisha moshi.

Washa nyasi kavu kidogo. Moshi ukitokea mdomoni mwa jiko, kagua viungo na urefu wa bomba kabla ya kupika.

Utunzaji
Choma kuni kavu, kwani mbichi hujaza masizi haraka. Kila mwezi, jiko likiwa limepoa, pitisha burashi au gunia lililofungwa kwenye kamba. Masizi mengi huweza kuwaka ndani ya bomba kwa mngurumo. Likitokea hilo, funga mlango wa jiko, toa watu nje na ita msaada. Usimwagie bomba maji.

Dalili za hatari
Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotokana na moto wa jiko, haina rangi wala harufu. Watu wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu au kichefuchefu jikoni, watoke nje mara moja na wapelekwe kituo cha afya. Hata ukiwa na bomba, pika dirisha likiwa wazi.