Tusiihukumu shule kwa namba moja

Mzazi mmoja alinijia na karatasi aliyotumiwa na nduguye anayeishi Minnesota, Marekani. Kijana wa huyo ndugu aliacha masomo miaka miwili, sasa amepata nafasi katika sekondari ya mkataba inayopokea walioacha shule. Mzazi akaniuliza: "Ustadhi, wanaomaliza kwa wakati pale hawafiki nusu. Huku si kumpoteza kijana?"

Nilimwomba tuzisome namba kwanza. Nasi tuzisome.

Shule za mkataba ni za umma. Hulipiwa na serikali na hazitozi ada, ila kila moja huendeshwa na bodi yake kwa mkataba. Ikiuvunja, yaweza kufungwa. Minnesota ndilo jimbo la kwanza kupitisha sheria hiyo, mwaka 1991. Ya kwanza kabisa, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992, nayo ililenga vijana waliokwisha kuacha shule.

Namba ya kwanza ni ya walioandikishwa. Shule hizi hazichagui kwa alama. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Lakini kwa shule ya vijana kama hawa, idadi ya Oktoba siyo ya Mei. Wapo wanaoingia katikati ya mwaka baada ya kushindwa kwingine, na wapo wanaoondoka kwa kuhama au kutafuta kibarua. Na kwa kuwa fedha hufuata mwanafunzi, anayeondoka huondoka na fungu lake.

Namba ya pili inaeleza ni akina nani. Huandikwa rangi, kipato cha nyumbani, ulemavu na lugha ya nyumbani. Dini haimo. Katika takwimu za kitaifa, mtoto wa Kisomali na mtoto wa Mmarekani Mweusi huwekwa fungu moja, ingawa mmoja huenda bado anajifunza Kiingereza. Anayetaka kujua mahitaji yao asitosheke na fungu hilo. Aitazame na lugha.

Namba ya tatu ndiyo iliyomtisha mzazi: wanaohitimu ndani ya miaka minne. Miaka hiyo huhesabiwa tangu mtoto aanze sekondari popote, siyo tangu aingie shule hii. Chukulia vijana 10 wameingia wakiwa katika mwaka wao wa nne, lakini masomo waliyofaulu ni ya mwaka mmoja tu. Wote 10 wakihitimu mwaka wa sita, hesabu ya miaka minne itaandika sifuri!

Je, basi kila shule yenye namba ndogo ni nzuri? La hasha. Ipo inayoandikisha tu bila kufundisha. Ndiyo maana Minnesota hutoa pia hesabu ya miaka mitano, sita na saba. Humo ndimo hujulikana nani aliwavusha vijana na nani aliwaacha wapotee.

Mzazi yule aliandika maswali matatu ampelekee nduguye: Wangapi wanabaki hadi mwisho wa mwaka? Waliingia wakiwa na nini? Baada ya miaka sita wako wapi?

Nasi hapa, tunaposifu shule kwa matokeo, tuulize pia: ilichuja watoto mlangoni, au iliwapokea waliokataliwa kwingine?