Ukitaka Udaktari, Hesabu Klasta Kwanza

Matokeo ya KCSE yakishatoka, saiba za mjini Nakuru hujaa wazazi na vijana wenye swali moja: "Huyu ana A-, ataingia udaktari?" Swali hilo halina jibu. Gredi ya wastani haimpeleki mtu udaktari. Kinachompeleka ni alama za klasta, na wawili wenye A- wanaweza kuachana mbali sana.

Hapa Kenya hakuna shahada ya matayarisho kabla ya udaktari. Kijana hutoka kidato cha nne na kuingia moja kwa moja katika shahada ya Udaktari na Upasuaji, yaani MBChB, ambayo kwa kawaida huchukua miaka sita. Uamuzi mzito hivyo hufanywa ndani ya wiki chache, mara nyingi na mtu wa miaka kumi na minane aliyekaa mbele ya kompyuta ya kukodi huku mwenye saiba akimharakisha. Afadhali hesabu ifanywe nyumbani kwanza, kwa kalamu.

Klasta ya udaktari hutazama masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na la nne ambalo kwa wengi huwa Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kushuka hivyo hivyo. Jumlisha pointi za hayo manne, ugawe kwa 48. Jumlisha pointi za masomo yako saba, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza ana A za Biolojia na Kemia, A- za Hisabati na Kiingereza, na B+ za Kiswahili, Historia na Biashara. Jumla yake ni pointi 76. Wa pili ana A za Kiswahili, Kiingereza na Dini, A- ya Biashara, lakini B+ za Biolojia, Kemia na Hisabati. Jumla yake ni 77. Kijijini huyu wa pili ndiye atakayechinjiwa mbuzi mnono zaidi. Lakini ukipiga hesabu, wa kwanza anapata karibu 44.7 na wa pili karibu 43.0. Kwenye udaktari, ambako watu hupishana kwa desimali, pengo hilo ni kubwa mno.

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hurekebisha hesabu hii kwa vigezo vyake, kwa hivyo nambari ya kuamini ni ile inayoonekana katika akaunti ya mwanafunzi kwenye tovuti yao. Vikokotoo vya mitandaoni vikubali kama makadirio tu.

Ukishaipata nambari, ilinganishe na alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kila chuo miaka iliyopita. Tovuti ya KUCCPS huonyesha alama hizo. Usitazame mwaka mmoja pekee, maana alama hupanda matokeo ya taifa yakiwa mazuri. Kanuni yangu ni hii: ukiipita alama ya mwaka jana kwa pointi nzima, jaza bila wasiwasi. Ukiipita kwa nusu pointi au chini ya hapo, unacheza bahati nasibu, lakini cheza. Ukiwa chini yake kwa pointi mbili, nafasi hiyo ipe kozi nyingine. Na masharti ya chini unayoyasoma kwenye matangazo ya vyuo, ile B ya masomo ya klasta, yanakuruhusu tu kupanga foleni.

Kosa linaloumiza wengi ni kujaza udaktari katika kila chaguo. Ukikosa kote, unarudi raundi ya pili kuokota kozi zilizobaki, na famasia au uuguzi uliokuwa ukiuweza katika raundi ya kwanza huenda umeshajaa. Weka angalau chaguo moja la afya ambalo alama zako zinalipita wazi.

Sasa chuo. Watu hapa hubishana kuhusu majina, kana kwamba mgonjwa ataomba kuona cheti. Leseni inatoka KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, na ni ileile kwa aliyesoma Nairobi na aliyesoma Nakuru. Hakikisha tu kwamba chuo kimo katika orodha ya vile ambavyo baraza hilo limeviidhinisha kufundisha udaktari. Baada ya hapo mimi ningeuliza kuhusu hospitali, kwa sababu miaka ya mwisho ya masomo inaishia wodini.

Egerton, ambayo bewa lake kuu liko Njoro, inafundishia katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita PGH. Ni hospitali ya umma inayopokea wagonjwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, kwa hivyo mwanafunzi hakosi wa kumpima. Moi kule Eldoret ilianza kufundisha udaktari 1990, inatumia hospitali ya rufaa ya MTRH, na ina desturi ya kufundisha kwa vikundi vidogo na kuwapeleka wanafunzi vijijini kujifunza afya ya jamii. Anayependa kuhadhiriwa kimya kimya akiandika atataabika huko. Kabarak, chuo cha binafsi nje kidogo ya mji wa Nakuru, nayo inatoa MBChB. Popote unapoelekea, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tano umuulize: kitandani mnasimama wangapi kwa mgonjwa mmoja? Umewazalisha akina mama wangapi mwenyewe? Majibu yake yatakufaa kuliko kijitabu cha chuo.

Halafu pesa. Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi, hata katika vyuo vya umma. Tangu 2023 gharama hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mzazi, kulingana na uwezo wa familia. Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hivyo thibitisha hali ilivyo mwaka unaojaza. Jambo moja huwashtua wazazi: anayepangiwa chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ule ufadhili usiolipwa umewekewa vyuo vya umma. Zidisha karo kwa miaka sita kabla ya kukubali. Tena ongeza mwaka wa uanagenzi, ambao haupatikani kwa wakati kila mara. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa kupangiwa vituo na malipo ya wanagenzi hao.

Aliyekosa klasta lakini anataka kutibu asidharau tiba ya kliniki. Diploma ya KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya tiba ambacho kina bewa Nakuru, ni miaka mitatu kabla ya uanagenzi. Afisa wa kliniki ndiye "daktari" ambaye Wakenya wengi humwona kwanza. Kuendelea hadi MBChB baadaye kunawezekana, ila nafasi ni chache na miaka inaongezeka. Aichague kwa kuwa anaitaka.

Kuhusu ng'ambo, tofautisha njia mbili. Tangu 2004 mradi wa KenSAP umewapeleka vijana hodari wa Bonde la Ufa katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko utasoma shahada ya kwanza miaka minne, ufanye mtihani wa MCAT, kisha uombe udaktari wa miaka minne mingine, na vyuo vingi vya udaktari havimchukui mgeni. Njia ya pili ni wakala anayekuahidi udaktari wa bei nafuu nchi fulani bila kuuliza gredi. Kabla ya kumlipa chochote, andikia KMPDC uulize kama chuo hicho kinatambuliwa, na ujue kwamba ukirudi utafanya mtihani wao kabla ya kuruhusiwa uanagenzi.

Na kama nyumbani kuna mdogo wako aliye Gredi ya 9, hesabu yake inaanza sasa hivi. KCSE ya mwisho ni ya 2027, kwa hivyo yeye hataifanya. Yeye anapochagua masomo ya sekondari ya juu, achague mkondo wa sayansi, na hakikisha shule anayoiomba inafundisha Biolojia na Kemia pamoja katika mseto mmoja.