Pima Chombo Kabla ya Kukiamini



Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa thamani ya mizani. Kila mmoja wetu amewahi kusimama kituoni na magunia yake, macho yameelekea kwenye kipimo, naye ajua kwamba kilo moja ikipotea ni jasho la mchumaji limepotea. Lakini kipo chombo kingine ambacho baadhi yetu wamekwisha kukinunua, wala hawajakijaribu hata mara moja. Nacho ni kidhibiti cha hewa ukaa.

Mwajua kwamba mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Ili nyumba zisikose kitu katika miaka ya mavuno haba, baadhi ya wanachama wameanza kuotesha uyoga wa mamama ndani ya vyumba. Sisi nasi tulijaribu katika chumba cha chama. Tulipanga mifuko, tukafunga kidhibiti pamoja na feni, tukakiwasha, tukaenda zetu. Uyoga ulitoka una mashina marefu kama miguu ya korongo na kofia ndogo kama vifungo vya shati. Sokoni hakuna aliyeutaka, na michango ya wanachama ikapotea. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu ya somo hili.

UYOGA NA HEWA YAKE

Uyoga, kama binadamu, hutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Katika kila sehemu milioni moja za hewa ya nje, siku hizi hewa ukaa ni sehemu 420 na kidogo. (Mwaka 1958, kipimo cha mfululizo kilipoanza Mauna Loa, Hawaii, zilikuwa 315 hivi.) Ndani ya chumba kilichofungwa na kujaa mifuko, hesabu hiyo hupanda upesi ikafika maelfu. Wakati nyuzi za uyoga zinapotambaa ndani ya mfuko, wingi huo haudhuru. Bali uyoga unapochomoza, yafaa hewa ukaa isipite 1,000. Ikizidi, shina hurefuka na kofia hudumaa.

Kidhibiti kina viungo viwili. Cha kwanza ni kihisio, ambacho hupitisha mwanga usioonekana kwa macho ndani ya kijumba kidogo. Hewa ukaa humeza sehemu ya mwanga huo, na chombo huhesabu kilichopungua. Cha pili ni swichi, ambayo huwasha feni hesabu ikifika pale tulipoamuru. Kihisio kikidanganya, swichi nayo itatii uongo.

TULIYOJIFUNZA MOROGORO

Baada ya hasara ile, watatu kati yetu tulikusudia kwenda Morogoro. Milima ya Uluguru si migeni kwetu, kwani kule Matombo, Mkuyuni na Kinole wakulima huchuma karafuu kama sisi. Kabla ya safari tulikitoa kidhibiti chumbani, tukakipeleka ufukweni. Kikaonyesha 70! Tulidhani kimeharibika. Tukabonyeza kitufe cha kusawazisha, kikasoma 420, tukakifunga tukasafiri nacho.

Mjini Morogoro, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, kilisoma 396. Tulipopanda upande wa Mgeta, kwa mama mmoja aoteshaye uyoga kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, kikasoma 346. Tukafurahi, tukasema hewa ya mlimani ni safi kuliko ya pwani. Mama yule akacheka.

"Wanangu," alisema, "hewa ni ile ile. Chombo chenu ndicho hakijui kwamba kimepanda mlima."

Maana yake ni hii. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Palipokuwa na chembe 100 za hewa pwani, pale Mgeta zipo kama 82 tu katika nafasi ile ile. Fungu la hewa ukaa katika hewa halikubadilika, ni 420 katika milioni. Lakini kihisio huhesabu chembe zilizomo kijumbani mwake, nacho hudhani kingali ufukweni. Basi kikionyesha 1,000 huko juu, kweli ya chumba ni 1,200 na ushei, na feni imekwisha kuchelewa. Vyombo vingine vina nafasi ya kuandika mwinuko wa mahali, lakini sisi hatukuwa tumesoma kijitabu chake.

Tukamwuliza, "Sasa, mama, sisi twakaa karibu na bahari. Uyoga wetu uliharibika kwa nini?"

Naye akauliza, "Chombo kilikaa wapi?"

"Chumbani, mwezi mzima."

"Kilipata kutoka nje?"

"Hata siku moja."

Hapo ndipo penye siri. Vyombo vingi vimetengenezwa vijisahihishe vyenyewe. Kila baada ya siku kadhaa, mara nyingi wiki moja, chombo hutazama kipimo cha chini kabisa kilichokipata, kikasema, "Hii ndiyo hewa ya nje, yaani 400." Katika ofisi ambayo watu huondoka usiku, desturi hiyo yafaa. Lakini chumba cha uyoga hakipati hewa ya nje safi usiku wala mchana. Cha kwetu hakikushuka chini ya 750, na chombo kikaiita 750 kuwa 400. Tangu hapo kilipunguza 350 katika kila kipimo. Tuliamuru feni iwake kwenye 1,000, nayo ikawaka kwenye 1,350. Ile 70 ya ufukweni ilikuwa ndiyo ushahidi, nasi tuliufuta kwa kidole.

NAMNA YA KUPIMA

1. Zima kujisahihisha. Tafuta katika kijitabu cha chombo namna ya kuzima desturi hiyo. Kama haizimiki, chombo hicho hakifai chumba cha uyoga. Kisha andika mwinuko wa mahali pako, kama nafasi ipo.

2. Jaribu hewa ya nje. Weka chombo mahali wazi penye upepo, wakati wa mchana, mbali na jiko, magari na watu. Alfajiri chini ya miti hapafai, maana usiku miti na udongo hutoa hewa ukaa. Kiache nusu saa, wala usikiinamie. Pumzi ya mtu ina hewa ukaa kama sehemu 40,000. Kwanza andika kinachosomeka, ndipo usawazishe kwenye 420. Usifute ushahidi kama tulivyofanya sisi.

3. Jaribu kwa ndoo. Chombo kinaweza kusema kweli kwenye 420 na uongo juu yake. Chukua ndoo yenye kifuniko, uijaze maji kwa kipimo ujue hasa inachukua lita ngapi, kisha uikaushe. Tuseme ni lita 20. Tia kihisio ndani pamoja na hewa ya nje, pitisha waya wake katika tundu, uzibe tundu na kifuniko kwa gundi ya karatasi. Katika chupa, changanya siki na soda ya kupikia. Povu litakalotoka ni hewa ukaa, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hubaki chupani na kuisukuma hewa nje. Povu likitulia, vuta mililita 20 kwa bomba la sindano, juu ya maji ya chupa, uzitie ndooni na kuziba. Mililita 20 katika lita 20 ni sehemu 1,000 katika milioni. Ongeza 420 zilizokuwamo, yafaa kisome karibu na 1,420. Kikiwa kati ya 1,300 na 1,550 tosheka, kwani hii si maabara. Kikipotoka sana, rudia. Kikipotoka tena, kilinganishe na chombo kingine au gesi ya kipimo maalumu.

4. Jaribu swichi. Amuru feni iwake kwenye 1,000 na kuzimika kwenye 800. Pumulia kihisio. Je, feni imewaka? Kipeleke kwenye hewa safi. Je, imezimika? Kisha kata umeme na kuurudisha, utazame kama chombo kimekumbuka amri yako au kimeisahau.

5. Kirudishe mahali pake. Kitundike kwenye kimo cha mifuko, si darini wala mbele ya feni. Rudia majaribio ya nje kila mwezi, uandike daftarini tarehe, kipimo cha kabla na cha baada. Kikipotoka upande mmoja kila mara, daftari litakuambia mapema.

TAHADHARI

Katika nchi nyingine watu huongeza hewa ukaa ya mitungi katika vyumba vya mboga na maua, maana mimea ya majani huila. Huko kidhibiti hufungua gesi badala ya feni, na uongo wa chombo waweza kuua mtu. Mahali pa kazi pasipite 5,000 kwa wastani wa saa nane, na 40,000 ni hatari ya papo hapo. Ndugu zetu wa Goma, karibu na Ziwa Kivu, wana neno lao, mazuku: mabonde madogo ambamo hewa ukaa ya ardhini hutuama, na mtu au mnyama akiingia huanguka akafa. Haina rangi, na katika hali kama hiyo pua si mlinzi. Basi asilale mtu katika chumba cha uyoga, na mlango ufunguliwe kwanza kabla ya kuingia kufanya kazi. Kidhibiti ni mtumishi wa zao, tusikikabidhi roho zetu.

Chumba cha chama sasa kina mifuko mipya, na daftari limetundikwa mlangoni kwa uzi. Mwanachama yeyote aweza kulifungua na kutukagua. Mizani ya kituoni twaidai iwe ya haki, kwa hiyo ni wajibu wetu kuanza na ya nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Chombo kilichosawazishwa pwani kimepelekwa Mgeta bila kuandikiwa mwinuko. Feni itawahi au itachelewa?
2. Chumba chako hakishuki chini ya 900, na chombo chajisahihisha. Amri yako ni 1,000. Feni itawaka hasa kwenye ngapi?
3. Ndoo yako yachukua lita 10. Utatia mililita ngapi ili kuongeza 1,000?

Majibu: 1. Itachelewa. 2. Kwenye 1,500. 3. Mililita 10.