Dawa Itulizayo na Dawa Iponyayo

Mtu mwenye homa akimeza kidonge, na baada ya saa moja jasho likamtoka, kichwa kikaacha kumwanga, naye akaomba uji, husema, "Nimepona." Huenda amepona kweli, huenda hajapona hata kidogo. Yeye mwenyewe hawezi kujua kwa kuusikiliza mwili wake tu, maana dawa ni za namna mbili: iko ile itulizayo maumivu, na iko ile imwuayo adui aliyeyaleta.

Wazee wetu walisema ya kuwa mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Basi homa ni mbiu ya mwili. Adui aingiapo, mwili hutengeneza vitu fulani ambavyo huiamsha mishipa ya fahamu isikie maumivu, na kuuambia ubongo uongeze joto. Aspirini huuzuia mwili usivitengeneze vitu hivyo. Aspirini ilianza kuuzwa kwa jina hilo mwaka wa 1899, lakini njia ya kazi yake haikujulikana hata mwaka wa 1971, ilipofunuliwa na John Vane, mtaalamu wa Uingereza. Panadoli nayo hupunguza homa na maumivu, na kazi yake kubwa huifanya katika ubongo. Dawa hizi mbili hunyamazisha mbiu, adui hazimgusi.

Watoto huniuliza darasani, "Mwalimu, kidonge kikishuka tumboni, chajuaje kwenda kichwani?" Hakijui. Huyeyuka, kikaingia katika damu, na damu hukichukua mwili mzima, kichwani na kidole cha mguu sawasawa; tena hufanya kazi kila kinapoikuta kazi. Ndiyo sababu dawa ya kichwa huweza kuumiza mahali pengine. Aspirini huchubua tumbo, wala mtoto mwenye homa hapewi ila kwa amri ya daktari. Panadoli ikizidi kipimo huua ini, na mtu asisikie neno siku ya kwanza.

Sasa tumtazame adui mmoja tumjuaye sana, malaria. Mwaka wa 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa katika nchi ya Algeria akichungulia damu ya mgonjwa kwa hadubini, akaona kijidudu kikicheza ndani yake. Mwaka wa 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alivumbua ya kuwa vijidudu hivyo hukaa katika mbu. Mbu akiisha kutuuma, hivyo huenda kwanza katika ini, vikazaana kwa siku kadha wa kadha pasipo sisi kusikia lo lote. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu, vikala vilivyomo, vikazipasua, vikaingia katika nyingine. Zipasukapo kwa wingi, ndipo mtu atetemekapo hata kitanda kikalia.

Adui huyu ana dawa zake. Penisilini, aliyoivumbua Alexander Fleming mjini London mwaka wa 1928, huharibu ukuta wa bakteria. Kijidudu cha malaria hakina ukuta wa namna hiyo, basi mwenye malaria hata akichomwa sindano kumi za penisilini, ni bure. Dawa ya zamani ya malaria ni kwinini, itokayo katika maganda ya mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa yenyewe na maganda yake. Baadaye, mwaka wa 1934, Wajerumani walitengeneza klorokwini. Kijidudu kikiisha kula wekundu wa damu, hubakiwa na taka iliyo sumu kwake mwenyewe, naye huigandisha iwe punje zisizomdhuru. Klorokwini humzuia asiigandishe, akafa kwa taka za chakula chake.

Mimi naikumbuka klorokwini vizuri. Mwaka wa 1989, nikiwa darasa la nne, niliandikiwa vidonge vitano kwa siku tatu: viwili, viwili, na kimoja. Vilikuwa vichungu mno, tena viliniwasha mwili mzima usiku kucha kama niliyelalia upupu. Kesho yake homa ikapungua. Basi mama aliponipa vidonge vingine niliviweka chini ya ulimi, nikaenda kuvichomeka katika makuti ya paa. Baada ya majuma mawili homa ilirudi kwa nguvu, nikapoteza fahamu. Baba akanipakia juu ya baiskeli ya jirani hata hospitali, nikatundikiwa kwinini, masikio yakivuma kama kombe la pwani. Mwaka uliofuata, alipokuwa akiezeka upya, baba alivikuta vidonge vile vitatu makutini. Hakunipiga. Alivihesabu mkononi mbele ya mama, akavitupa.

Nalijidhuru mwenyewe, lakini jambo hili hudhuru na wengine. Mkulima akipalilia juu juu, magugu manyonge hufa, na ndago zenye mizizi huota tena na kulijaza shamba. Kadhalika dawa isiyotimia huua vijidudu vilivyo dhaifu, na vile vistahimilivu hubaki, mbu akavichukua kwa jirani. Vijidudu visivyoogopa klorokwini vilionekana kwanza katika Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1978 vikaonekana katika Afrika Mashariki. Kenya iliiacha dawa hiyo kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998, na Tanzania mwaka wa 2001.

Siku hizi twatumia dawa ya mseto. Imeitwa hivyo kwa kuwa ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza, artemeta, asili yake ni mmea wa China wa jamii ya pakanga. Bibi Tu Youyou na wenzake waliitoa dawa katika mmea huo mwaka wa 1972, baada ya kusoma kitabu cha kale cha uganga wa nchi yao, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Artemeta huua vijidudu vingi upesi sana, lakini baada ya saa chache imekwisha katika damu. Ya pili, lumefantrini, ni ya polepole. Hukaa siku nyingi ikiwatafuta waliojificha. Haiingii vema katika damu pasipo mafuta, kwa hiyo humezwa pamoja na chakula au maziwa. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Mara nyingi homa huondoka siku ya pili, na vidonge vingali mezani.

Tayari katika Rwanda na Uganda wataalamu wameona vijidudu ambavyo artemeta na ndugu zake huchelewa kuviua.

Maswali: Mtu mzima aliacha dawa ya mseto baada ya mara tatu, kwa kuwa amesikia nafuu. Amebakiza vidonge vingapi? Ni dawa ipi kati ya zile mbili ambayo hakuipa nafasi ya kutosha, nayo ilikuwa na kazi gani?