Maswali na Majibu: Urithi kwa Kuku wa Maonyesho

Swali la 1. Mweleze kuku wa buluu wa Andalusia.

Jibu: Jina ni la jimbo la Andalusia, kusini mwa Hispania, lakini umbo na rangi vinavyompa tuzo leo vilikuzwa na wafugaji wa Uingereza katika karne ya 19. Shika unyoya mmoja wa kifua chake. Katikati una buluu ya moshi, na ukingoni umezungukwa na utepe mwembamba wa buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Waamuzi hutazama utepe huo, ngozi nyeupe chini ya sikio, na upanga wa kichwani: wa jogoo usimame wima, wa koo uangukie upande mmoja.

Swali la 2. Jogoo wa buluu akimpanda koo wa buluu, watazaliwa vifaranga wa rangi gani? (Alama 4)

Jibu: Kwa wastani, robo huwa weusi, nusu buluu, na robo weupe wenye madoa ya buluu. Chora jedwali la Punnett. Kila mzazi ni Bb: B ni jeni inayofifisha weusi, b haifanyi hivyo. Nakala moja ya B hugeuza nyeusi kuwa buluu, nakala mbili huifuta karibu yote. Buluu basi ni rangi ya nakala moja tu, na ndiyo maana haitulii. Teua wazazi wa buluu vizazi mia, weusi na wenye madoa wataendelea kutoka. Wafugaji walihangaika na jambo hili miaka mingi, hadi William Bateson na Reginald Punnett walipolieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kanuni za Mendel.

Swali la 3. Mayai 12 ya wazazi hao yameanguliwa yote. Je, buluu watakuwa 6?

Jibu: Si lazima, na hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Uwezekano wa kupata 6 kamili ni 924 kati ya 4,096, yaani takriban asilimia 23. Kila yai lina bahati yake, wala halijali yai la jirani limetoa nini. Kwa vifaranga 4, uwezekano wa kukosa buluu kabisa ni 1 kati ya 16. Andika “inatarajiwa”, usiandike “watakuwa”.

Swali la 4. Sahihisha kauli hii: “Bingwa huzaa bingwa.”

Jibu: Rangi ya buluu hutokana na jeni moja, lakini utepe, upanga, kimo na mkao hutegemea jeni nyingi, na kila mzazi humpa kifaranga nusu tu ya alizo nazo. Mchanganyiko uliompa jogoo tuzo huvunjwa na kupangwa upya katika kila yai. Tena kifaranga wa siku moja ana malaika tu, utepe hauonekani. Mfugaji huwalisha vifaranga miezi kadhaa hadi wawe pora na tembe, ndipo agundue kwamba yule mwenye utepe safi kuliko wote ana upanga uliopinda. Uchungu huo ni wa kweli, na hauna maana kwamba alikosea kuchagua.

Swali la 5. Weusi na wenye madoa wachinjwe?

Jibu: Hapana! Mweusi (bb) akipandishwa na mwenye madoa (BB), vifaranga wote huwa Bb, yaani buluu. Wale wanaokataliwa na mwamuzi ndio pekee wanaomhakikishia mfugaji rangi anayoitaka. Utepe mzuri, hata hivyo, hauna uhakika huo.

Swali la 6. Toa mifano ya Afrika Mashariki.

Jibu: Kuku kidimu. Nakala moja ya jeni yake husokota manyoya, nakala mbili huyafanya membamba na mepesi kukatika, hata ngozi ikabaki wazi. Kidimu wawili wenye nakala moja kila mmoja wakipandana, robo ya vifaranga hutarajiwa kuwa na manyoya ya kawaida.

Wa pili ni kishingo, ambaye jeni yake huondoa manyoya ya shingoni. Kabla ya mtihani, mtafute mmoja mtaani kwenu umtazame shingoni. Akiwa na kishada cha manyoya mbele, chini ya shingo, ana nakala moja. Shingo ikiwa wazi karibu yote, anazo mbili.