Kanuni Mpya za Dungeons & Dragons: Meza Yenu Ihame?

Ikiwa mnacheza Dungeons & Dragons, iwe Kericho mjini, Litein au katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Kabianga, swali litawafikia siku mwenzenu atakapokuja mezani na kitabu kipya: tuhame au tubaki? Hakuna anayewalazimisha. Kanuni za zamani, za 2014, bado zinachezeka vizuri.

Mchezo huu uliotolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson umeandikwa upya mara kadhaa, na si kila mara kwa uzito uleule. Toleo la nne, la 2008, lilipindua mambo hadi vitabu vya awali vikawa havioani nalo, na wachezaji wengi wakakimbilia mchezo mwingine, Pathfinder, ulioanza 2009 kwa kuendeleza kanuni za zamani. Mabadiliko ya 2024 ni mapole zaidi. Dadu ya pande 20 ni ileile, aina za wahusika bado ni 12, na visa vilivyoandikwa kwa kanuni za 2014 bado vinachezeka.

Tofauti mtaihisi hasa vitani. Mpiganaji sasa ana ustadi maalumu kwa silaha chache anazochagua: nyundo ya vita humsukuma adui nyuma, shoka la vita laweza kumwangusha chini. Uganga wa kuponya majeraha umeongezewa nguvu. Palipotupwa dadu moja ya pande 8 sasa hutupwa mbili. Kunywa dawa ya kuponya hakuli tena tendo kuu la zamu. Aliyeshtukiziwa hapotezi tena zamu yake ya kwanza, ila hupata ugumu wa kuwahi kuanza. Nyongeza za uwezo hazitoki tena kwenye asili ya mhusika, kama vile uelfu, bali kwenye maisha aliyoishi kabla ya kuanza safari. Hilo la mwisho nalipenda, kwa maana mtoto wa mkulima na mtoto wa askari hawalingani mikono hata wakiwa wa ukoo mmoja.

Upande wa mfuko, bei ya kitabu cha wachezaji ni dola 49.99, yaani takriban shilingi 6,500 kabla ya gharama ya kukisafirisha, na seti kamili ina vitabu vitatu. Msinunue kwanza. Kampuni ya Wizards of the Coast, inayouchapisha mchezo huu, ilitoa sehemu kubwa ya kanuni mpya bure mwaka 2025, katika waraka uitwao SRD 5.2, kwa leseni ya Creative Commons. Wa zamani, SRD 5.1, uko chini ya leseni hiyo tangu Januari 2023. Pakueni nyaraka zote mbili mkiwa na Wi-Fi ya chuo, kisha mchape saiba kurasa mnazohitaji tu. Waraka mpya pekee una kurasa zaidi ya 300. Kasoro yake ni kwamba kila aina ya mhusika imepewa tawi moja tu, ilhali kitabu kina manne.

Mnaotegemea simu mwe macho. Mnamo Agosti 2024, D&D Beyond, tovuti ya mchezo huu inayohifadhi karatasi za wahusika, ilitangaza kwamba uganga na vifaa vya zamani vingebadilishwa kuwa vipya kwenye karatasi za wahusika, ikarudi nyuma baada ya wachezaji kulalamika. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haibadilishwi na mtu, na haijali stima zikipotea.

Ushauri wangu: meza inayoanza leo ianze na kanuni mpya. Meza iliyo katikati ya kisa kirefu ikimalize kwanza, ila inaweza kuazima kanuni ya dawa na ile ya uponyaji tangu wiki hii. Hata mkulima anayejaribu chai ya zambarau, TRFK 306, hang'oi shamba zima msimu mmoja. Msichoweza kukichanganya ni nusu ya wapiganaji kuwa na ustadi wa silaha na nusu kukosa. Ugomvi utazuka kabla ya chai kupoa.

Mkiamua kuhama, msimamizi atenge kikao kizima cha kuunda upya wahusika katika kiwango walichofikia, wakibaki na majina na mali zao. Tabibu, mchawi wa kuzaliwa na mchawi wa mkataba waangaliwe kwanza: zamani walichagua tawi kiwango cha 1, sasa kila mtu hungoja cha 3. Mwenye historia ya mhusika kutoka kitabu cha zamani hapotezi kitu. Ataongeza 2 kwenye uwezo mmoja na 1 kwenye mwingine, au 1 kwenye uwezo tatu, kisha achague kipaji kimoja cha kuanzia.