Mtunza Samaki wa Makumbusho na Mwalimu wa Sayansi

Katika vyuo vyetu tumezoea kumhimiza mwanachuo alete kiumbe hai darasani kila anapofundisha sayansi. Himizo hilo ni jema, lakini aghalabu huishia mlangoni mwa darasa. Tunaeleza namna ya kumpata kiumbe na maswali ya kuwauliza watoto. Hatuelezi namna ya kumweka kiumbe huyo hai mpaka wiki ijayo. Katika makala haya tumekusudia kuitazama kazi ya watu ambao ajira yao ndiyo hiyo, yaani watunzaji wa viumbe wa majini katika majumba ya makumbusho ya sayansi asilia, ili tuone ni kitu gani katika kazi yao kinamfaa mwalimu mwenye ndoo moja na vipindi arobaini kwa wiki.

Tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Lilikuwa Darasa la Nne, na somo lilihusu upumuaji. Juu ya meza palikuwa na mtungi wa kioo wa lita tano hivi, na ndani yake perege wawili wadogo. Watoto walipita kwa zamu, wakatazama jinsi matamvua yanavyofunguka na kufumba. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona wanaleta midomo juu?" Mwanachuo akajibu kwamba wana njaa, akawatilia kiganja cha pumba za mahindi. Darasa likafurahi. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma hatukulisahihisha jibu lile, wala baada ya kipindi hatukulitaja. Tulijaza fomu na kumpa alama za juu katika sehemu ya zana. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi perege wote wawili walikuwa wamekufa. Mwanachuo aliwafukia nyuma ya jiko la shule, akakimbia kununua wengine wawili kabla ya kengele, akawaweka katika mtungi ule ule. Kipindi kilipoanza yule msichana alitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, huyu si yule. Yule alikuwa na pezi lililochanika." Akaambiwa akae chini.

Tuliyajua hayo kwa kuwa mwanachuo mwenyewe alirudi chuoni kutueleza, na alipokuwa akieleza hakututazama usoni. Hatukisimulii kisa hiki kwa kumlaumu. Tulikuwa tumemfundisha kuandaa somo, hatukumfundisha kutunza samaki. Na jibu la "wana njaa" lilipita mbele ya macho yetu tukiwa na kalamu mkononi.

Kazi yenyewe

Mfano tunaouchagua ni wa Chuo cha Sayansi cha California kilichoko San Francisco, Marekani. Taasisi hii ilianzishwa mwaka 1853. Ni makumbusho ya viumbe, mawe na mifupa, na ndani yake mna nyumba ya samaki iitwayo Steinhart, iliyofunguliwa mwaka 1923. Jengo la zamani liliharibiwa na tetemeko la mwaka 1989, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 2008. Ndani ya jengo hilo mna hodhi la matumbawe lenye takriban lita 800,000 za maji na kina kipatacho mita 7 na nusu, ambamo watunzaji huingia wakiwa wamevaa mitungi ya hewa ili kusafisha na kulisha.

Mgeni aliyesimama mbele ya kioo huona rangi na mwendo. Kazi iko nyuma ya kioo, katika ujia mwembamba wenye mabomba na sakafu isiyokauka. Huko mtunzaji huanza siku kwa kuzunguka na kutazama tu, kabla hajagusa chochote. Huhesabu. Hutazama ni nani hayuko mahali pake pa kawaida, ni nani amefifia rangi, ni nani anapumua upesi kuliko jana. Kisha hupima joto la maji, uchachu wake, kiasi cha chumvi kwa maji ya bahari, na sumu zitokanazo na kinyesi. Ndipo huingia jikoni, kwani wana jiko hasa, lenye mbao za kukatia na mizani, akapima chakula cha kila hodhi. Sehemu kubwa ya siku inayobaki ni kunyonya uchafu kwa mpira, kusugua vioo, na kusafisha machujio. Kiumbe mgeni hachanganywi na wenyeji. Hukaa kwanza katika karantini, aghalabu majuma kadhaa, mpaka ijulikane kwamba hana maradhi.

Yote hayo huandikwa. Mtu atakayeshika zamu ya kesho hana budi kujua leo samaki yupi alikataa kula. Kwa maoni yetu, daftari hilo ndilo chombo cha kwanza ambacho mwalimu angeazima kutoka makumbusho, kabla ya vioo na pampu.

Kutunza maji

Watunzaji wenye uzoefu husema kazi yao ni kutunza maji, na samaki watajitunza wenyewe. Maelezo yake ni haya. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Katika ziwa maji ni mengi na sumu hutawanyika. Katika hodhi hakuna pa kutawanyikia, ila wapo bakteria wanaoota juu ya mawe na changarawe ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, iliyo sumu bado, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo kiasi cha kuweza kupunguzwa kwa kubadili sehemu ya maji. Bakteria hao hawaji siku moja. Hodhi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla halijaweza kubeba samaki wake bila hatari. Basi mtungi uliooshwa ukametameta Alhamisi jioni, ukatiwa maji ya bomba na perege wawili Ijumaa asubuhi, hauna mlinzi hata mmoja ndani yake.

Maji ya bomba nayo yana jambo lake. Klorini inayotiwa ili kuua vijidudu huunguza matamvua. Mahali pengi yatosha kuyaacha maji katika chombo kipana kilicho wazi kwa siku nzima ili klorini itoke; zipo sehemu ambako hutiwa dawa ya aina nyingine isiyotoka kwa njia hiyo, na huko ni heri kutumia maji ya mvua au ya kisima, au ya bwawa lile lile samaki alikotoka.

Sasa tunaweza kusema kwa nini perege wale walikufa. Mdomo wa mtungi ulikuwa mwembamba, hivyo hewa iliyogusana na maji ilikuwa kidogo. Oksijeni ilikuwa imekwisha kupungua siku ile ile ya Ijumaa, na samaki walikuja juu kutafuta tabaka jembamba la maji lililo karibu na hewa. Kuleta midomo juu kulikuwa dalili ya kukosa pumzi. Pumba zilipotiwa zilioza, na uozo wenyewe ukala oksijeni iliyobaki, huku ukiongeza amonia. Kwa maneno mengine, swali la msichana yule lilikuwa ndilo somo lenyewe la upumuaji, na jibu alilopewa ndilo lililowamaliza samaki.

Kamongo na nduguye

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana si kila samaki aletaye mdomo juu amo hatarini. Walimu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanamfahamu kamongo, samaki mrefu kama mkunga mwenye mapafu mawili. Matamvua yake ni madogo mno kwa mahitaji yake. Akiwa mkubwa hana budi kuja juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini, kwa mfano ndani ya wavu, hufa maji ingawa ni samaki. Wapo kamongo wa Afrika ambao maji yakikauka hujichimbia topeni, hujifunika kwa ute unaokauka kama gamba, na kungoja mvua kwa miezi mingi. Mtaalamu wa figo wa Kimarekani, Homer Smith, alivutwa sana na samaki huyu wa ziwa letu, hata kitabu alichokichapisha mwaka 1932 akakipa jina la Kamongo.

Kamongo ana ndugu Australia mwenye pafu moja tu, na huyo hupumua kwa matamvua siku za kawaida, akilitumia pafu maji yanapopungukiwa na oksijeni. Mmoja wao aliwasili Steinhart kwa meli mwaka 1938, pamoja na samaki wengine zaidi ya 200 kutoka Australia na Fiji. Alipewa jina la Methuselah. Wenzake wa safari ile wote walikufa, yeye akabaki. Mwaka 2022 watunzaji walieleza kwamba alikuwa na urefu wa mita 1.2 na uzito wa kilo 18 hivi, kwamba hupenda kusuguliwa tumbo, na kwamba hupenda tini mbichi za msimu lakini hukataa zilizogandishwa. Msomaji asicheke upesi. Kujua kwamba mnyama hali tini za barafu ni maarifa yaliyopatikana kwa kumtazama akila, siku baada ya siku, na kuandika.

Umri wake ulijulikanaje? Kwa muda mrefu uthibitisho pekee ulikuwa ule mwaka wa kuwasili, ulioonyesha umri wa chini kabisa. Watunzaji walidhani ni jike, lakini njia ya hakika ya kulijua hilo ilihitaji kumtoa damu, nao hawakutaka kumhatarisha mzee kwa ajili ya udadisi. Mwaka 2023 wataalamu walichukua kipande kidogo sana cha pezi, wakachunguza chembe zake za urithi, wakakadiria umri wa miaka 92, na kwamba huenda ukazidi hata 100. Ndugu yake mwingine, aliyeitwa Granddad, alifika katika nyumba ya samaki ya Shedd, Chicago, mwaka 1933, akaishi humo hadi mwaka 2017. Uongozi wa pale haukumbadilisha kimyakimya kwa mwingine. Walitangaza kwamba afya yake ilidhoofika, kwamba iliamuliwa asiendelee kuteseka, na watu wa mji wakamwombolezea.

Darasani

Mwanachuo asidhani kwamba tunamtaka ajenge makumbusho. Beseni pana au ndoo iliyokatwa humfaa samaki kuliko mtungi mrefu, kwa sababu ya eneo la uso wa maji. Weka changarawe na mawe machache kutoka bwawani bila kuyachemsha, maana bakteria tunaowataka wako juu yake. Tia na mimea ya majini ikipatikana. Samaki mmoja mdogo kwa ndoo nzima anatosha. Kivuli kiwepo. Kila siku mbili toa robo ya maji kwa mpira au kikombe, ukirudisha maji yaliyolala. Chakula kiwe kile kinachoweza kuliwa kikaisha katika dakika mbili, kinachobaki kitolewe. Mwisho wa wiki samaki asilishwe kabisa. Atavumilia siku mbili za njaa, lakini hawezi kuvumilia siku mbili za uozo. Watoto wanawe mikono kabla na baada.

Zamu ndiyo roho ya mpango huu. Wawili wawili, kila asubuhi kabla ya paredi, watazame kwanza pasipo kugusa, kisha waandike katika daftari: saa, joto la maji kama kipimajoto kipo, samaki yuko wapi, mdomo uko wapi, matamvua yamefunguka mara ngapi kwa dakika moja. Hesabu hiyo ya mwisho yahitaji saa ya mwalimu tu, nayo huzaa jedwali, wastani na grafu katika kipindi cha hesabu. Ikiwa asubuhi moja matamvua yanakwenda mbio na mdomo uko juu, watoto wabadili maji kwanza, maelezo yatafuata. Mwalimu atakayesema "subirini tumalize somo" amewafundisha kitu kingine kabisa.

Na samaki akifa? Atakufa siku moja, hata kwa mwalimu hodari. Watoto waonyeshwe. Wafungue daftari warudi nyuma siku tatu, watafute ni lini palianza kuharibika. Wako watakaolia, na kipindi hicho kisifupishwe kwa ajili hiyo. Wenzetu wengine hupinga, wakisema mtoto wa Darasa la Nne asibebeshwe mzigo wa kifo cha kiumbe alichokilisha kwa mkono wake. Hoja hiyo tumeipima. Tunaona kwamba watoto wetu wengi wamekwisha kuona kuku akichinjwa na ndama akifa zizini, wasichokizoea ni mtu mzima kuwaambia "nilikosea, na hivi ndivyo nilivyokosea."

Mwanachuo wetu alirejea shuleni kwake akiwa amebakiza wiki mbili za mazoezi. Alisimama mbele ya darasa akaeleza mambo yalivyokuwa, pamoja na kosa la pumba, akamwambia msichana yule kwamba aliona sawasawa. Watoto walitaka kuonyeshwa mahali walipofukiwa, naye akawapeleka. Baadaye walimhamishia mmoja wa wale wapya katika beseni na kumrudisha mwenzake kwa kijana aliyemwuza. Daftari tuliliona tulipokwenda kukagua mara ya pili. Lilikuwa na kurasa nane, mwandiko wa watoto tofauti, na mahali pamoja palikuwa na ugomvi wa wino, mmoja ameandika mara 58 kwa dakika na mwenzake amekata akaandika 71. Mazoezi yalipokwisha, samaki alirudishwa katika bwawa lile lile alikovuliwa, wala si mtoni, kwani samaki asiye wa mto ule hatiwi humo hata kwa huruma. Beseni lilirudishwa jikoni kwa mama mpishi, ambaye alikuwa amekwisha kulidai mara mbili.